Wacheni kukremu, chora jiwe

Najua niliacha chuo, kwa hivyo kuna mtu atauliza nani alinipa ruhusa ya kuongea fizikia. Sawa. Lakini hii niliielewa nikiwa nishatoka, na bado inaniuma.

Tulikremu ile fomula ya masafa, yenye saini ya pembe mara mbili, kama namba ya simu. Hakuna aliyetuambia inafanya kazi tu kama jiwe linatua usawa uleule liliporushiwa. Mtihani ukaleta jiwe la kutoka juu ya ghorofa, darasa zima kimya.

Sasa skiza. Uko juu ya paa, mita 20. Jiwe moja unaliachilia tu, lingine unalirusha mbele, mlalo, mita 15 kwa sekunde. Gani inafika chini kwanza? Zote pamoja! Sekunde 2, tukichukua graviti ni 10 na upepo tuusahau. Ile ya kurushwa imetua mita 30 mbele, basi.

Kwenda mbele hakujui habari za kushuka. Kinachoziunganisha ni muda peke yake: utafute kwenye wima, uupeleke kwenye mlalo. Ukirusha kwa pembe, gawanya kasi kwanza, kosaini mbele, saini juu.

Galileo aliandika haya 1638, bila kalkuleta. Sisi tulipewa fomula kwanza, tukaahidiwa picha baadaye, na picha haikuwahi kufika. Halafu mtu anaambiwa hana kichwa ya sayansi.

Una pepa wiki hii? Chora jiwe lako. Na tafadhali usinitumie swali lenye upepo.