Tunapowaombea viongozi, tuishie kwenye afya?

Likizo iliyopita, katika kigango kimoja cha huku kwetu Babati, nilipewa kazi ya kuandaa maombi ya waamini. Ombi la pili lilihusu viongozi wa serikali. Niliandika kwamba Mungu awajalie afya, kisha nikaongeza: awape moyo wa kuwasikiliza wanaolalamikia ushuru wa mazao na migogoro ya mashamba. Kabla ya Misa, mzee mmoja ninayemheshimu sana aliisoma karatasi yangu, akaweka kidole pale.

“Frateri, mwanangu, ishia kwenye afya. Hayo mengine ni siasa. Mtume Paulo alishatuambia tutii mamlaka.”

Nikafuta. Nilifuta kwa heshima na, niseme ukweli, kwa woga pia.

Sura ya 13 ya Waraka kwa Warumi ina kazi nyingi nchini kwetu. Agosti 2023, waraka wa Maaskofu wetu kuhusu mkataba wa bandari uliposomwa makanisani, niliisikia ikitajwa na watu waliotaka Maaskofu wanyamaze. Wanaoitaja hivyo huchukua neno “tii” na kuliacha neno lililo mistari michache mbele yake.

Paulo aliandika barua hiyo yapata mwaka 57. Kaisari alikuwa Nero, kijana wa miaka ishirini hivi, mdogo kuliko mimi. Mwalimu wake, mwanafalsafa Seneca, alikuwa amemwandikia kitabu kuhusu huruma, na humo anamwambia kwamba yeye ni roho ya dola, nayo dola ni mwili wake. Ni picha nzuri, lakini nani amewahi kuona mwili ukiidai roho yake hesabu? Paulo anachagua neno jingine kabisa. Mtawala, anasema, ni diakonos wa Mungu, yaani mtumishi. Katika sura ya 16 ya barua hiyo hiyo anamwita hivyo hivyo Fibi wa Kenkrea, mama aliyelihudumia kanisa la kwao. Neno hilo ndilo lililokuja kuwa jina la daraja tunaloliita ushemasi. (Sisi mafrateri tunaolingojea daraja hilo kwa hamu tukumbuke kwamba Paulo alimpa Nero jina hilo bila kumwekea mikono.) Mtumishi anaheshimiwa, lakini ana bwana wake, na siku moja ataulizwa.

Sisemi Paulo alikuwa mwanaharakati. Aliwaambia Wakristo wa Roma walipe kodi, na mwanahistoria Tacitus anasimulia kwamba mwaka 58 watu walikuwa wanalalamika sana juu ya watoza ushuru. Kundi dogo la waamini katika mji ule halikuhitaji kesi ya ziada.

Barua inayonigusa zaidi ni ile ambayo Kanisa la Roma liliwaandikia Wakorintho yapata mwaka 96, tunayoiita ya Mtakatifu Klementi. Karibu na mwisho kuna sala ndefu, na ndani yake watawala wanaombewa. Mzee wangu angefurahi, maana afya imo, pamoja na amani na utulivu. Lakini sala haiishii hapo. Inamwomba Mungu ayaongoze mashauri yao yafuate lililo jema mbele zake, na inakumbusha kwamba mamlaka waliyo nayo wamepewa naye. Haya yaliandikwa katika mji ambao, kwa maelezo ya Suetonius, Kaisari Domitian alipenda kuitwa bwana na mungu. Ukimwombea mtu wa namna hiyo uongozi kutoka juu, umeshasema kwamba juu yake yuko mwingine.

Polikarpo wa Smirna naye aliwaagiza Wafilipi wawaombee wafalme, na papo hapo wawaombee wanaowatesa. Yapata mwaka 155 alisimamishwa mbele ya liwali wa Kirumi aape kwa Kaisari. Alikataa. Hata hivyo, barua ya Kanisa lake inayosimulia kifo chake inasema alikuwa tayari kumweleza liwali imani yake, kwa kuwa tumefundishwa kuwapa wenye mamlaka heshima yao. Umati uliokuwa unapiga kelele hakuona sababu ya kujitetea mbele yake. Kwa Polikarpo, kumpa mtawala hoja ilikuwa sehemu ya kumheshimu.

Mzee wangu ana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza. Nimewahi kusikia maombi ya waamini ambayo kwa kweli hayakuelekezwa kwa Mungu. Yalikuwa hotuba kwa mtendaji wa kijiji aliyekaa benchi la tatu. Hilo ni kumtumia Mungu kama kipaza sauti, na ningekuwa mzee wa kanisa ningelifuta mimi mwenyewe. Lakini kumwombea kiongozi moyo wa kusikiliza ni ombi halisi. Sulemani aliliomba kwa ajili yake mwenyewe, na halikuhesabiwa kuwa siasa.

Desemba nitarudi kigangoni. Karatasi ninayo bado, na mstari niliofuta unasomeka. Nitampelekea mzee mapema, siku moja kabla ya Misa, pamoja na sala ya Klementi, tuisome wote wawili kwa utulivu. Akiona bado inafaa nifute, nitamwomba anieleze kwa nini Klementi hakufuta.