Gari la Kulala: Tuagize Japani au Tulijenge Korogwe?

Baba mdogo ni mwalimu mstaafu, anaishi Kwamndolwa, Korogwe. Jumapili moja aliniita barazani kwake, na shikamoo yangu haijamalizika kuitikiwa tayari simu iko mkononi mwangu. Kwenye kioo kulikuwa na gari jeupe la Toyota lenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, jiko la mafiga mawili, sinki, friji na meza ya kukunja. Bei iliandikwa kwa dola. "Hili likishuka bandarini," akaniambia, "mimi na mama yako mdogo tunakwenda Johannesburg kumwona dada yako. Tunalala tunapotaka, tunapika tunachotaka. Miezi mitatu."

Sikucheka, na sioni la kucheka. Amefundisha watoto wa watu ramani ya Afrika miaka mingi na mwenyewe hajavuka Tunduma. Kila mwaka anaona barabara ya Moshi kwenda Segera ikipitisha magari ya Wajerumani na Waholanzi, yamefungwa matangi ya maji na mahema ya paani. Mengine hupinda Mombo yakapanda Lushoto kulala Irente, mengine huteremka hadi ufukwe wa Kigombe, kusini ya Tanga. Ndani mara nyingi ni mume na mke wenye mvi kama zake. Anauliza swali la haki: kwa nini wao waione Afrika kwa magurudumu yao, na mwalimu wa Korogwe aione kwenye ramani?

Jibu la kwanza ni kodi. Mgeni anayepita haliingizi gari lake nchini kwa maana ya forodha. Analipitisha. Ana kibali cha muda, au ana carnet, hati ya kimataifa ambayo chama cha magari cha nchi yake kinaitolea dhamana kwamba gari litatoka. Akitoka, hesabu imekwisha. Baba mdogo akiliagiza, limekuja kukaa, na hapo ndipo bei ya kwenye simu inapoanza kukua.

Tuchukue mfano wa gari la injini ya zaidi ya sisi 2,000, lenye umri wa zaidi ya miaka 10, lililofika Dar es Salaam kwa dola 20,000 pamoja na nauli ya meli na bima. Kwa viwango tulivyovizoea, ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani dola 5,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 haupigwi juu ya bei peke yake, unapigwa juu ya bei na ule ushuru wa kwanza, ukaleta dola 2,500. Kisha adhabu ya uchakavu, asilimia 30 juu ya msingi huo huo kwa gari dogo la abiria lililopita miaka 10, dola 7,500. Juu ya jumla yote hiyo inakuja VAT ya asilimia 18, dola 6,300. Jumla ni dola 21,300 za serikali kwa gari la dola 20,000, na bado hujagusa tozo ya reli, gharama za bandari, wakala na usajili. Viwango hubadilika bajeti inaposomwa kila Juni, kwa hiyo mwenye nia apige hesabu yake siku ile anayotaka kulipa. Ila sura ya hesabu ndiyo hiyo: unanunua gari mara mbili.

Kuna jambo linaloniuma katika hesabu hii. Katika mpangilio wa kimataifa wa forodha, gari la kulala linawekwa fungu moja na magari madogo ya abiria. Basi na lori yana mafungu yao, na uchakavu wao unatozwa kwa mkono mwepesi zaidi. Naelewa kwa nini serikali haitaki nchi iwe jalala la magari yaliyochoka. Lakini magari ya kulala ya Japani mengi hutumika wikendi na likizo, siku nyingine zote yakakaa uani. Umri wa gari wa kwenye karatasi na umri wa injini yake ni vitu viwili, na sheria yetu inasoma karatasi tu.

Tuseme baba mdogo ana moyo, kodi ameilipa. Gari lenyewe je? Wote tuliowahi kupanda gari lililotoka Japani tunaijua redio yake, inayoishia masafa ya 90 na haishiki nusu ya stesheni zetu mpaka fundi aifungie kifaa. Redio ni usumbufu tu. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Gari la kawaida halijali hilo kwa sababu linakula betri, lakini gari la kulala lina waya wa kuchomeka ukutani, na ndani yake kuna chaja ya betri, maikrowevu, pengine na kiyoyozi, vyote vya volti 100. Nilimwona jamaa mmoja Tanga akichomeka lake kwenye soketi ya gereji. Kulitoka mlio mdogo kama wa punje ya bisi inayopasuka, kisha harufu ya plastiki ikajaa gari zima. Aliyemuuzia hakumtajia neno transfoma. Mtungi wa gesi nao ni wa Kijapani, na kichwa chake hakikai kwenye regyuleta ya mitungi tunayojaza hapa.

Kisha barabara. Magari haya ya Kijapani aghalabu ni kibini ya kilori kilichobebeshwa chumba kirefu na kizito kwa juu. Korogwe hadi Chalinze peke yake ina matuta ya kutosha kumlegeza mtu meno, sembuse kabati zilizogongwa kwa misumari midogo. Anayevutiwa na yale ya Ulaya ajue kwamba mengi yana usukani wa kushoto, na kulipita lori kwenye barabara ya njia mbili ukiwa umekaa upande wa majani ni kumtumaini Mungu na mke aliye kiti cha pili. Ya Uingereza yana usukani wa upande wetu, lakini mengi ni Fiat na Peugeot. Yakiharibika Mpika, Zambia, uliza nani ana bomba lake.

Ndiyo maana nilimwambia baba mdogo: tafuta Coaster, basi dogo ambalo tayari liko nchini. Kodi yake ilishalipwa zamani na mtu mwingine. Springi, mikanda, pampu na fundi anayelijua kwa kulisikiliza tu wapo Korogwe, wapo Mbeya, wapo Lusaka. Ukitoa viti unabaki na chumba ambacho mtu mzima anatembea karibu wima. Tulikwenda na futi kwenye moja iliyokuwa inauzwa mjini, na seremala wa hapo jirani akaja na penseli yake sikioni. Baba mdogo alitaka kabati za mninga. Seremala akakataa, akagonga sakafu kwa kisigino: "Mwalimu, mninga utakula dizeli. Weka plaiwudi, ubao mzuri uweke kwenye kingo tu." Akachora kitanda cha futi sita kwa nne na nusu kukingama nyuma, chini yake sanduku la maji na betri mbili, juu ya paa paneli za sola. Kwa nusu saa nilimwona mzee wangu akiishi ndani ya gari lile kabla hajalinunua.

Sitaki kuifanya njia hii ionekane haina miiba. Gari lililotengenezwa kiwandani kwa ajili ya kulala lina matundu ya hewa yaliyopimwa, mabomba ya gesi yaliyokaguliwa, na kuta zinazozuia joto. Sisi tuna mafundi hodari wa bodi na mbao, lakini wengi wao hawajawahi kufunga gesi mahali ambapo watu watalala wamefunga madirisha. Hewa ya sumu ya jiko haina huruma na haina harufu ya kukuamsha. Hapo ushauri wangu ni mkali: jiko lipikiwe nje, mtungi ukae nje ya chumba, na matundu ya hewa yawepo hata kama mbu watapita. Wekeni nyavu.

Karatasi ndilo eneo ambalo serikali inaweza kutusaidia bila kutoa shilingi. Ukigeuza basi kuwa gari la kulala lazima kadi ya gari iseme hivyo, la sivyo kila askari kutoka Chalinze hadi Nakonde atakuuliza viti vya abiria viko wapi. Kama umekopa, kadi halisi iko kwa mkopeshaji, na mpakani nakala haitoshi. Ushahidi kwamba gari limetoka nchini kwa muda lazima uutafute ungali Tunduma, usisubiri kurudi. Bima ya kadi ya njano ya COMESA, ambayo Tanzania inashiriki ingawa ilijitoa kwenye jumuiya hiyo mwaka 2000, inakufunika Zambia na Zimbabwe. Botswana unalipa mpakani, na Afrika Kusini fidia ya wanaoumia ajalini imo ndani ya bei ya mafuta. Hakuna lililo gumu katika haya. Ugumu ni kwamba hayajaandikwa mahali pamoja kwa Kiswahili, na mstaafu wa Kwamndolwa anayajua kwa kuuliza madereva wa malori.

TRA, Trafiki na watu wa bima wangeweza kuyakusanya kwenye ukurasa mmoja unaobandikwa Tunduma, Kasumulu, Holili na Horohoro. Ukaguzi wa gari lililobadilishwa matumizi ungekuwa na orodha inayojulikana: gesi, matundu ya hewa, breki, uzito. Fundi akijua atakaguliwa nini, atafunga vizuri. Na halmashauri zetu za barabara kuu, Korogwe ikiwamo, zitenge uwanja wenye maji, choo na mlinzi, kwa mgeni na kwa mwenyeji, walipie usiku. Sasa hivi magari yale ya wageni yanapita mji wetu bila kuacha hata bei ya mkungu wa ndizi.

Kuna Mtanzania mmoja ambaye ningemruhusu aagize: anayerudi nyumbani moja kwa moja kutoka ughaibuni. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa mkazi anayerejea msamaha wa gari moja, mradi awe amelimiliki na kulitumia huko si chini ya miezi 12. Huyo gari lake analijua na umri wake ameuona. Wengine wote wanaonunua kwa picha wanajitwika kodi ya kitu wasichokijua.

Safari yenyewe bado ina mantiki. Ukienda kaskazini, vita vya Sudan tangu Aprili 2023 vimeifunga njia ya zamani ya kwenda Cairo. Kusini kuko wazi: pasipoti yetu inaingia Zambia, Botswana na Afrika Kusini bila viza, na tangu Mei 2021 daraja la Kazungula limeondoa pantoni ya Zambezi iliyokuwa ikilaza malori siku kadhaa. Kutoka Kwamndolwa hadi Johannesburg ni zaidi ya kilomita 3,500, na Coaster iliyotunzwa inazimudu.

Kwa hiyo, wewe uliyepokea kiinua mgongo juzi na kuona picha ile ile kwenye simu, usitume dola zako Yokohama wiki hii. Nenda kwanza TRA ukaulize kodi ya gari lile kwa mwaka wake na injini yake, wakuandikie. Kisha beba futi, mchukue na seremala, mkaangalie Coaster.