KOMITE YA USALAMA IKUTANE KILA MWEZI, TUSINGOJE KILIO

Ndugu vijana, watumikaji wa Lubumbashi,

Hapa Golf manyumba za etaji zinapanda kila siku. Mafundi wanasimama juu ya miti iliyofungwa kamba, bila kaske, bila mukaba. Barabarani mabisi zinabeba wenzetu kwenda mu migodi na mu viwanda. Mutu akianguka, patron analeta sanduku na mifuko ya unga kwenye kilio, anasema ni mapenzi ya Mungu. Sisi tunakataa. Si Mungu aliyefunga ile kamba.

Wakubwa wanapenda kusema usalama ndio jambo la kwanza. Sawa. Komite ya usalama ilikutana lini mara ya mwisho? Nani alikaa ndani? Walikata shauri gani? Hapo kimya.

Hatuombi zawadi. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema wazi juu ya komite ya usalama na usafi mahali pa kazi. Lakini komite isiyokutana ni jina tupu ku karatasi. Hatari haianzi siku ya ajali. Inaanza na bomba linalovuja kidogo, ubao uliopasuka, shofere aliyekesha usiku mbili. Watumikaji wanaviona, wanavisema kati yao wakikula bukari, na hakuna anayeandika. Mukutano wa kila mwezi ndio mahali pa kuandika: hatari gani, nani atatengeneza, mbele ya tarehe gani.

Sasa tuongee na madelege wa sendika. Mwezi wa 12 munajua kupigania prime. Vizuri. Lakini prime haitamulea mutoto wa marehemu. Hali yote ya kazi ni kazi yenu, si mushahara peke yake. Andikeni malalamiko, muweke tarehe, mubakie na kopi yenye muhuri ya kupokea. Patron akikataa, mupeleke kwa enspekta wa kazi, aite pande mbili mezani. Musiogope: delege hafukuzwi kazi bila enspekta kukubali kwanza. Ile ulinzi sheria iliwapa kwa kusema, si kwa kulala.

Na wale wa siku kwa siku? Patron anawaambia: "Weye hauna kontra, nyamaza." Ni bongo! Mutu aliyetumika siku 22 katika miezi 2, akiitwa tena mbele ile miezi haijaisha, sheria inamuhesabu kuwa na kontra isiyo na mwisho. Basi andika siku zako mu kaye, na tarehe.

Wengine watasema makaratasi hayana nguvu, afadhali tuchome mapine. Tukumbuke muji wetu. Mwezi wa 12 mwaka 1941, wakati Lubumbashi ilikuwa inaitwa Elisabethville, watumikaji wa Union Minière walikusanyika mu uwanja wa mupira kudai mushahara. Askari waliwapiga masasi, na Léonard Mpoyi aliyesema kwa jina lao aliuawa. Wale hawakuwa na sheria ya kuwalinda. Sisi tuko nayo, na tunaiacha ilale mu kabati!

Kwa hiyo tunadai:

1. Mukutano wa usalama kila mwezi, saa za kazi, na kulipwa.
2. Watumikaji wa soutretansi na wa siku kwa siku wakae ndani pia.
3. Maneno yaliyokatwa yabandikwe ukutani kwa Kiswahili, si Kifaransa tupu.
4. Enspekta wa kazi atoke mu biro, afike mu shantie za Golf.

Juma hii, kila mumoja amuulize delege wake swali moja: mukutano ni lini? Akikosa jibu, muulize tena juma ijayo, na musiende wawili, muende makumi.

Imefanyika Golf, Lubumbashi.
Sisi vijana raia.