Kabla ya kuamini kihisi, uliza gundi

Leo nina la kusema kuhusu ndege, hizi tunazozisikia hapa Nunguni zikipita juu ya vilima vya Kilungu kuelekea Mombasa.

Kwa wale wasiofahamu: kuna vihisi vidogo vya kauri vinavyobandikwa kwa gundi kwenye bodi ya ndege. Ukikipa kimoja umeme, kinatetemeka. Ukikitetemesha, kinatoa umeme. Sifa hiyo ilionyeshwa na ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, mwaka 1880, walipobana fuwele zikatoa umeme. Kihisi kimoja hutuma mtetemo, kingine huupokea, kisha programu hulinganisha na rekodi ya siku bodi ilipokuwa nzima. Tofauti ikizidi, huenda kuna ufa.

Sisi watu wa programu hapo ndipo tunapopenda kubishana. Mimi nasema tatizo ni gundi. Ndege huondoka kwenye joto la nyuzi 30. Ikifika mita 11,000, hewa ya nje ni kama nyuzi 56 chini ya sifuri. Alumini husinyaa mara kadhaa zaidi ya kauri, na gundi iliyo katikati ndiyo inayovutwa, safari baada ya safari, kwa miaka 20 na zaidi.

Tena gundi kuachia si hadithi. Aprili 28, 1988, Boeing 737 ya Aloha Airlines, Hawaii, ilibanduka paa ikiwa angani na mhudumu mmoja akafariki. Ilikuwa imeruka mara 89,680. Gundi ya viungo vya bati ilikuwa imeachia, mzigo ukaangukia ribiti, nyufa zikaanza. Gundi ya kihisi ina kinga gani?

Kihisi kikibanduka, programu hudhani imeona ufa. Kengele za uongo zikizidi, fundi ataacha kuzisikiliza, na siku ya ufa wa kweli hatashtuka.

Dawa ipo: kihisi kijipime kwanza. Kapasitansi yake hupanda kikibanduka, hushuka kikivunjika. Joto nalo huipandisha, lakini joto hugusa vihisi vyote vya jirani. Kimoja kikipanda peke yake, shuku gundi. Kodi yake wala si ndefu.

Kwa hiyo mashirika yetu yakiletewa mfumo kama huu, yasianze kuuliza programu ina akili kiasi gani. Yaulize gundi imejaribiwa mara ngapi kwa joto, baridi na unyevu, na kihisi kinajuaje kwamba chenyewe ni kizima. Bila majibu hayo, mimi naona fundi na tochi yake waendelee na kazi. Ninyi mnaonaje?