Mastaa wa "Kigoma oyee", ngoma ya Muyama iko wapi?

Kuna mastaa Bongo wakishika maiki ni "Kigoma oyee", ila ngoma za kwenye biti zao zimepakuliwa mtandaoni. Kisingizio eti Muyama mbali. Mbali wapi? Tangu 1983 kuna MIDI: haibebi sauti, inabeba namba ya noti na nguvu ya pigo. Noti moja ni baiti 3 tu! Sensa kwenye ngozi ya ngoma, saketi ndogo ya ESP32 yenye Wi-Fi, bando la kawaida, na mapigo ya kijana wa Muyama yanatua studio Dar. Tatizo moja: baiti hizo 3 hazitaji jina la mpigaji. Hapo ndipo staa muungwana atajulikana: jina liandikwe, mgao utumwe. Wadau, mnasemaje?