Nuru Isiyoonekana na Lugha Yetu

Wako watu wenye elimu kubwa wasemao kuwa Kiswahili ni lugha ya mbingu ya macho: chaweza kuusifu mwezi, kukitaja Kilimia na kumwongoza nahodha usiku, lakini elimu ya nuru isiyoonekana haina budi kukaa katika lugha za kigeni. Neno hili limerudiwa mara nyingi hata limevaa sura ya hekima. Makala haya yanalipinga.

Kwanza tulitazame jambo lenyewe. Nyota haziendewi wala hazishikwi. Karibu yote tuyajuayo juu yake yameletwa na mnururisho wa sumakuumeme, yaani mawimbi yasafiriyo kilometa zipatazo 300,000 kwa sekunde. Jicho hupokea sehemu ndogo tu ya mawimbi hayo. Yaliyo marefu kuliko yote ni ya redio. Yaliyo mafupi sana ni eksirei na gama. Nuru ya taa na eksirei ya hospitali hutofautiana kwa urefu wa wimbi, si kwa umbile. Kila aina ina habari yake: redio hupenya vumbi lililotanda kati ya nyota, eksirei hutoka penye joto la mamilioni ya digrii. Atazamaye kwa aina moja tu ni kama kadhi amsikilizaye shahidi mmoja akatoa hukumu.

Hewa yetu huzuia eksirei zitokazo mbinguni, kwa hiyo sharti chombo kipandishwe juu yake. Satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi hiyo peke yake ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Ilirushwa wapi? Baharini karibu na Malindi, kutoka jukwaa la Waitalia liitwalo San Marco. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, na Wamarekani wenye satelaiti wakaiita Uhuru. Ilifanya kazi hadi 1973, na orodha iliyotokana nayo ilitaja vyanzo 339 vya eksirei.

Kimoja ni Cygnus X-1. Uhuru iliona eksirei zake zikibadilika mara kadhaa katika sekunde moja, na kitu kigeukacho upesi hivyo hakiwezi kuwa kikubwa. Mwaka 1971 darubini za redio zikaonyesha mahali pake; darubini za nuru ya kawaida zikakuta hapo nyota kubwa ya samawati, izungukayo na mwenzi asiyeonekana kwa siku 5.6. Mwenzi huyo leo anajulikana kuwa shimo jeusi, lenye uzito upatao mara 21 ya uzito wa Jua. Hakuna shahidi katika hao watatu ambaye peke yake angetosha.

Sasa nauliza: maelezo hayo yameandikwa kwa lugha gani? Wapinzani watajibu kuwa maneno mengi ni ya kuazima. Ni kweli, wala si aibu. Falaki ni neno la Kiarabu na darubini ni la Kiajemi, na yote mawili yamekaa nasi kama wenyeji. Wilhelm Röntgen alipogundua mionzi mipya mwaka 1895, aliiita kwa herufi X kwa sababu hakujua ni kitu gani. Hakungoja jina kamili ndipo afanye kazi. Lugha hupata maneno kwa kutumiwa, kama njia ipatavyo kuwa njia kwa kukanyagwa.

Mwanafunzi aambiwaye kuwa elimu ya juu haina nafasi katika lugha yake hujifunza pia kuwa yeye ni mgeni katika elimu hiyo. Hiyo ndiyo hasara. Jina la Kiswahili lilipanda juu ya hewa. Elimu iliyoteremka ikaandikwa kwa lugha nyingine, na wengi wetu tukatosheka na fahari ya jina. Vyuo vyetu na viandike vitabu vya falaki kwa Kiswahili, vivifundishe, vivikosoe, viviandike tena. Usilolijua ni usiku wa kiza. Na kiza hiki hakikutoka mbinguni.