Lori linavuka mpaka, pensheni haivuki barabara

Niliahidi kwamba wiki hii nitaandika kuhusu hifadhidata. Ahadi nimeitimiza, ila leo nina hasira, kwa hiyo vumilieni.

Dada yangu mkubwa alifanya kazi miaka tisa kwa wakala wa forodha pale Malaba. Kila mwezi alikatwa pesa za uzeeni, mwajiri akaongeza zake, zote zikaenda kwenye skimu ya binafsi yenye ofisi Nairobi. Kisha akapata kazi ya umma mjini Busia, mwendo wa kilomita zipatazo 30. Nyumbani kwake ni Busibwabo, kwa hiyo alifurahi mara mbili. Alitaka jambo moja tu: akiba ya Malaba imfuate kwenye skimu mpya ya serikali, iendelee kukua hapo mpaka astaafu.

Alipewa orodha. Fomu. Nakala ya kitambulisho yenye muhuri wa wakili. Barua ya mwajiri wa zamani. Barua ya skimu mpya kusema inamkubali. Akakusanya vyote, akatia kwenye bahasha, bahasha ikapanda basi la usiku kwenda Nairobi. Baada ya wiki sita jibu likaja: jina la tatu kwenye kitambulisho halimo kwenye rekodi zao, aanze upya. Akaanza upya. Skimu mpya nayo ikasema haiwezi kutoa barua mpaka ione kiasi kinachokuja, na skimu ya zamani ikasema haitoi kiasi mpaka ione barua. Wenzangu tunaoandika programu tunalijua tatizo hili. Huyu anamsubiri yule, yule anamsubiri huyu, mashine inaganda. Tofauti ni kwamba kompyuta ikiganda unaizima na kuiwasha.

Mwezi wa tano karani mmoja akamshauri: "Mama, kwa nini usichukue tu zile unazoruhusiwa kuchukua?" Fomu ya kuchukua pesa ilikuwa ukurasa mmoja. Pesa zikaingia benki kabla mwezi haujaisha. Zikalipa karo, zikanunua mabati, zikaisha.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. KULA akiba ya uzeeni kulikuwa rahisi kuliko KUIHAMISHA. Mfumo ulimzawadia kwa kufanya kosa na kumwadhibu kwa kufanya lililo sawa. Huo ni ubovu wa programu, tena ubovu wa kiwango cha juu, na sioni anayeharakisha kuurekebisha.

Tufanye hesabu. Tuseme mtu ana shilingi 300,000 na zinakua kwa asilimia 8 kila mwaka. Baada ya miaka 25 ni zaidi ya shilingi milioni 2. Hicho ndicho kinacholiwa kwa sababu ya bahasha.

Sasa njoo nami mpakani. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa Februari 2018 na marais Kenyatta na Museveni. Maofisa wa Kenya na Uganda wanakaa jengo moja, na dereva anasimama upande mmoja tu, ule anaouingia. Chini ya himaya moja ya forodha, iliyoanza 2014, kodi ya mzigo unaokwenda Kampala hulipwa kabla lori halijaondoka Mombasa. Habari za mzigo hutangulia mzigo. Foleni bado zipo, hasa Malaba, simdanganyi mtu. Lakini kontena la mitumba lina namba yake, lina faili yake kwenye mtandao, na nchi mbili zinaisoma faili hiyohiyo.

Yaani mitumba inavuka kutoka nchi moja hadi nyingine kwa faili ya kompyuta, na akiba ya dada yangu inashindwa kutoka skimu moja ya Kenya hadi nyingine ya Kenya, zote mbili zikisimamiwa na mamlaka ileile ya RBA! Na kazi yake kwa miaka tisa ilikuwa kujaza hizo faili za makontena!

Wapo watakaosema serikali haikuwa na mahali pa kuziweka pesa hizo. Zamani walikuwa na haki. Chini ya Sheria ya Pensheni, Sura ya 189, mtumishi hakuwa na akaunti. Walichukua mshahara wako wa mwaka, wakazidisha kwa miezi uliyotumika, wakagawanya kwa 480. Ukifanya kazi miaka 25 unapata asilimia 62.5 ya mshahara, inayolipwa kutoka kodi ya wananchi. Hapakuwa na mfuko, na pesa yako ya Malaba isingekuongezea hata mwezi mmoja wa utumishi.

Lakini hayo yalibadilika tarehe 1 Januari 2021, ilipoanza skimu ya watumishi wa umma iitwayo PSSS. Walimu, polisi na watumishi wa serikali kuu walio chini ya miaka 45 waliingizwa kwa lazima. Mfanyakazi alianza kuchangia asilimia 2, mwaka wa pili 5, mwaka wa tatu 7.5, na serikali inaongeza 15. Kila mwanachama ana akaunti yenye jina lake. Wa kaunti nao wana hazina zao, kama LAPTRUST na LAPFUND. Basi kisingizio cha kukosa mfuko kimekufa. Mfuko upo, hapa na pale. Kinachokosekana ni bomba kati ya mifuko miwili.

"Lakini kuna matapeli, lazima tuwe waangalifu." Sawa. Nakala ya kitambulisho iliyogongwa muhuri inamzuia tapeli gani? M-Pesa inahamisha pesa za mamilioni ya watu tangu 2007 kwa namba ya siri na ujumbe mfupi. Aprili 2011 tuliruhusiwa kuhamisha namba ya simu kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Namba ya simu ina haki ya kuhama, jasho la miaka tisa halina?

"Lakini mifumo yetu ni tofauti." Mifumo ni tofauti KILA mahali, ndiyo maana watu huketi wakakubaliana muundo mmoja wa ujumbe. Australia walifanya hivyo kwa mpango uitwao SuperStream. Skimu zote zinatumiana data kwa muundo mmoja, pesa na data zinabeba namba moja ya kumbukumbu, na uhamisho unatakiwa ukamilike ndani ya siku 3 za kazi. India ilianza mwaka 2014 kumpa kila mchangiaji namba moja inayomfuata kutoka mwajiri hadi mwajiri. Hakuna uchawi hapo. Mtoto wa mwaka wa tatu wa chuo anaweza kuandika sehemu kubwa ya programu hiyo. Asichoweza ni kuwalazimisha wakubwa waitumie.

Na sheria tunayo! Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 38, inakupa haki ya kupata data yako katika muundo unaosomeka na mashine na kuipeleka kwa mwingine. Karatasi iliyopigwa muhuri haisomeki na mashine, jamani.

Kwa hiyo nadai mambo matatu kutoka RBA:

1. Muundo mmoja wa faili ya uhamisho kwa kila skimu iliyosajiliwa, ya binafsi na ya umma, pesa na data zikibeba namba moja.

2. Ombi lifunguliwe mara moja, upande mmoja tu, kama lori. Skimu mpya ndiyo izungumze na ya zamani. Mwanachama asiwe tarishi.

3. Muda maalumu wenye faini, na mwanachama aone hatua ilipofika kwa simu yoyote, hata kabambe. Pesa zikichelewa njiani, faida ya siku hizo ilipwe na aliyechelewesha.

Sisemi kila mtu ahame. Kaunti kadhaa zimekata pesa za wafanyakazi na kukawia kuziwasilisha, malimbikizo yakafika mabilioni ya shilingi. Kabla hujahamisha uliza makato ya uendeshaji ni kiasi gani, faida ya miaka iliyopita ilikuwa ngapi, na pesa yako itaanza kuhesabiwa faida tarehe gani. Pengine utaamua kuiacha ilipo. Vizuri, lakini uamue wewe, usiamuliwe na bahasha iliyokwama.

Juzi nilimtembelea dada. Mvua ilikuwa inanyesha Busibwabo na mabati mapya yanapiga kelele. Akacheka: "Hiyo unayoisikia ni pensheni yangu." Mimi sikucheka.

Kama wewe umewahi kuhamisha yako ikafika salama, niambie ulichukua miezi mingapi. Wiki ijayo tutarudi kwenye hifadhidata, kama hakuna atakayeniudhi tena.